Mwizi wa Barua ni Adui wa Umma



Barua ni amana. Mtu akiisha kuitia sandukuni, ameitoa mkononi mwake na kuikabidhi Serikali, naye hulala usingizi kwa kuwa aamini kwamba itafika. Mtu avunjaye amana hiyo hamwibii mwenye barua peke yake. Aiibia Serikali heshima yake, na umma aunyang'anya imani yake. Kwa hiyo leo twataka kusema habari za Marekani, nchi yenye posta tangu mwaka 1775, ambako wizi wa barua umekuwa kazi ya magenge.

Wako watakaouliza: mambo hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wanakaa huko katika majumba ya kupanga, na barua zao hutiwa katika visanduku vya chini ya majumba hayo. Kadi ya ruhusa ya kufanya kazi hufika kwa posta. Ikiibwa, baba mwenye watoto hukaa bure akingoja nyingine, na kodi ya nyumba haimngoji.

Wizi wenyewe ni hivi. Mpelekaji barua hupewa ufunguo mmoja, uitwao ufunguo wa mshale, ambao hufungua masanduku mengi ya mtaa mzima. Mwizi aliyeupata hana haja ya kuvunja kitu. Hupita usiku, akazikomba barua, akatafuta hundi ndani yake. Wino wa hundi huoshwa kwa dawa, kisha huandikwa jina jingine na fedha nyingi zaidi. Basi yuko wa kuiba, yuko wa kuosha, yuko wa kuuza kwa njia ya simu, na yuko wa kukopesha jina lake benki. Huyu si mwenye njaa aliyeona kitu njiani. Hii ni biashara.

Na kwa kuwa ufunguo una thamani, mchukuzi wake amekuwa windo. Katika mwaka wa fedha wa 2022 wapelekaji barua 412 walinyang'anywa wakiwa kazini. Katika nusu ya kwanza tu ya mwaka uliofuata walinyang'anywa 305. Wizara ya Fedha nayo ilitazama taarifa 15,417 zilizoletwa na mabenki tangu Februari 27 mpaka Agosti 31, 2023, ikaona kwamba fedha zilizohusika na hundi za barua zilizoibwa zilipita dola milioni 688. Hiyo ni miezi sita tu!

Serikali ya nchi hiyo haikukaa kimya, na haki yake tumpe. Mwezi wa Mei 2023 Posta na Wakaguzi wake walitangaza mpango wa kuweka masanduku imara 12,000 barabarani, na kufuli za elektroniki 49,000, ili ufunguo wa chuma peke yake usifae kitu. Zawadi kwa mtoa habari za unyang'anyi wa mpelekaji barua ikapandishwa hata kufika dola 150,000. Sheria pia ina meno: mwizi wa barua aweza kufungwa miaka 5, na mnyang'anyi aliyehatarisha roho ya mtumishi wa Posta kwa silaha aweza kufungwa miaka 25.

Lakini twauliza: kwa nini mambo haya yalikuja nyuma ya mwizi badala ya kumtangulia? Wakaguzi wa mahesabu wa Posta yenyewe waliandika mwaka 2020 kwamba idadi ya funguo hizo zilizo mikononi mwa watu haikujulikana. Mwenye nyumba asiyejua ana funguo ngapi, atamlaumu nani akiibiwa? Na mwaka huo huo wa 2020, mwezi wa Agosti, askari wa Posta wenye sare waliamriwa kulinda majengo ya Posta tu, wala wasizunguke tena mitaani kuwalinda wapelekaji barua. Chama chao kilipinga. Sisi twaona walikuwa na haki. Jengo halitembei na ufunguo mfukoni. Mpelekaji barua ndiye atembeaye.

Tena mwezi wa Machi 2025 Rais Trump alitia sahihi amri kwamba Serikali iache kulipa kwa hundi za karatasi ifikapo Septemba 30 mwaka huo, isipokuwa kwa watu wa namna fulani. Hatubezi shauri hilo, maana hundi isiyotumwa haiibwi. Lakini kuhamisha mali si kumkamata mwizi. Hundi za watu binafsi, kadi na barua zingali zapita katika masanduku yale yale, na mzee asiye na hesabu benki asiachwe nyuma kwa sababu ya makosa ya majambazi.

Neno la mwisho ni kwa wananchi. Kufuli ya chuma haishindi kufuli ya ulimi wa jirani anayejua na kunyamaza. Ndugu zetu walioko huko wazitoe barua zao sandukuni kila siku, hundi wazipeleke ndani ya ofisi ya Posta, na wakiibiwa wawaambie Wakaguzi wa Posta bila kuogopa. Na kijana atakayeombwa akopeshe jina lake benki kwa ahadi ya vijisenti akatae kabisa, kwa maana wakubwa watakimbia na jina lake ndilo litakalobaki mahakamani. Mali ya umma hulindwa na Serikali na umma pamoja. Mmoja akilala, mwizi hupita.