Mashujaa Wasio na Majina

Mimi ni mtu wa Oloipiri, kule Loliondo, na nimefundisha watoto wa huko kwa miaka mingi. Kila ilipokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, niliwasimulia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwaka mmoja mtoto akauliza, "Mwalimu, wa kwetu ni nani?" Nikamtaja baba yangu mdogo, aliyekwenda vitani asirudi. Baada ya hapo sikuwa na la kusema. Kijijini kwetu hakuna hata jiwe la ukumbusho.

Nasema wazi: aibu hiyo ni yetu wenyewe. Taifa lina makaburi ya mashujaa wa Kagera kule Kaboya, Muleba. Lakini Kaboya ni mbali, na mtoto wa Oloipiri hatafika huko kwa miguu.

Tuangalie yaliyowapata waliotutangulia. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927. Maandishi yake yanawasifu askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini hayataji jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waliowajua wamekwisha kufa.

Wilayani mwetu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, liko kaburi la mawe la Michael Grzimek, mtafiti aliyehesabu wanyama wa Serengeti na kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959. Jina lake limeandikwa, na wageni husimama kulisoma. Simwonei kijicho, alistahili. Nauliza tu: aliyehesabu pundamilia ana jina, je, aliyelinda mpaka asiwe nalo?

Najua jibu la wazee. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kwetu Wamaasai jina la marehemu haliitwi." Ni kweli, na mila hiyo naiheshimu. Lakini anayenyamaza kwa heshima ni yule anayelijua jina. Wajukuu wetu hawanyamazi, hawajui. Hiyo si mila, ni usahaulifu. Basi jina lisiitwe, liandikwe, na atakaye alisome kimya. Familia isiyoridhia, tuandike ukoo na rika lake. Kwetu hayo yatosha.

Sidai sanamu ya shaba. Nadai daftari moja katika ofisi ya kijiji na jiwe moja chini ya mti, kabla waliopigana Kagera, ambao sasa ni wazee, hawajatutoka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na amani tunayochungia ng'ombe wako walioiunda.

Daftari nimekwisha kulinunua. Ukurasa wa kwanza nimeandika ukoo na rika la baba mdogo. Kurasa zilizobaki nawaachia ninyi.