Kusukuma gari la abiria kila asubuhi si matengenezo

Mjini Butembo, kama ilivyo kwenye vituo vingine vya barabara ya Lubero na Beni, abiria wamezoea kuombwa washuke wasukume gari. Wanaume wanasukuma, wamama wanangoja na watoto mgongoni, moteri ikiamka kila mtu anakimbilia kiti chake. Watu wanacheka, safari inaendelea. Lakini zoea hilo ni la hatari, na wenye magari ndio wa kwanza kuulizwa.

Mara nyingi lawama hutupiwa batri. Kama batri ni nzima na demareri inazunguka tupu bila kuvuta moteri, au inatoa sauti ya chuma kinachokwaruzana, kuna haja ya kuangalia kurone. Hiyo ni pete ya chuma yenye meno, inayozunguka volani ya moteri (siyo usukani). Dereva akiwasha, kipinyo kidogo cha demareri, ambacho mafundi wanakiita bendiksi, kinauma meno hayo na kuzungusha moteri.

Meno hayaliki sawasawa. Moteri ya silinda nne ikizimwa, husimama karibu kila mara mahali pamoja kati ya mawili, kwa hiyo bendiksi inagonga meno yaleyale mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu dereva akitikisa gari kidogo likiwa kwenye vitesi, linaweza kuwaka: meno mazima yamefika mbele ya demareri. Kesho yake shida inarudi.

Wengine wanachomelea meno yaliyolika na kuyachonga kwa tupa. Hiyo huweza kusaidia siku chache, ila chuma kilichochomelewa hivyo hakina ugumu wa kurone mpya, na vipande vinaweza kukatika. Njia nzuri inajulikana katika garaji. Buati ya vitesi inashushwa, ambreyaji na volani zinatolewa. Kurone ya zamani inatobolewa kati ya meno mawili na kupasuliwa kwa patasi. Mpya, yenye hesabu ileile ya meno, inapashwa moto sawasawa pande zote, yapata digrii 200, ipanuke na kukaa kwenye volani bila kupigwa kwa nguvu. Ikichomwa mpaka iwe nyekundu, meno yanapoteza ugumu. Inaachwa ipoe yenyewe, bila maji. Ncha za meno zilizochongwa zielekee upande ambapo bendiksi inaingilia. Bendiksi iliyolika nayo ibadilishwe, la sivyo itakula kurone mpya.

Wenye magari wanajibu kwamba kazi hiyo inasimamisha gari siku nzima au zaidi, na pesa haziingii. Ni kweli, kushusha buati ndiko kunakoigharimu kazi hiyo kuliko pete yenyewe. Lakini buati ikiwa chini, ambreyaji inakaguliwa palepale, na gharama ya kushusha mara ya pili inaepukwa. Dereva hawezi kubeba mzigo huu peke yake: jioni anadaiwa pesa ya siku, na gari si lake.

Tena kusukuma kuna bei yake. Gari likiteremka mlima moteri ikiwa imezimwa, breki zinakuwa ngumu na usukani mzito, na mbele kuna watoto na wauza ndizi. Dereva anayeogopa kuzima moteri anaiacha ikiunguruma hata Kadhafi wa barabarani anapomimina mafuta kutoka kwenye bidoni. Kwa gari la otomatiki, kusukuma hakusaidii kabisa.

Zaidi ya hayo kuna vita. Mwezi wa Juni 2024, mapigano yalipofika Kanyabayonga, familia nyingi zilishika njia ya kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo. Waliopata gari walipakia magodoro, wazee na wagonjwa. Saa kama hiyo, gari linalotaka watu kumi wa kulisukuma linaweza kuwaacha watu njiani. Mama aliyejifungua juzi hawezi kusukuma, na usiku wa kukimbia hakuna wa kumwomba msaada.

Kwa hiyo vyama vya madereva vikatae kupanga kwenye foleni gari lisilojiwasha lenyewe. Wanaokagua magari barabarani, badala ya kutazama karatasi tu, waseme: zima, washa tena. Mafundi nao wamwambie mwenye gari ukweli kabla ya kuchomelea.

Familia inayokodi gari inaweza kufanya vilevile bila kuwa na ujuzi wowote. Kabla ya kulipa na kupakia mizigo, imwombe dereva kwa heshima azime moteri na kuiwasha mara tatu, gari likiwa mahali tambarare. Likikataa, heri kutafuta lingine wakati bado kuna mwanga.