Mama Akisema Pumzi Inambana, Tusimwambie "Lala Tu"

Tuache mazoea haya. Baba akishika kifua, nyumba nzima inatafuta gari. Mama akisema amechoka kupita kawaida, pumzi inambana na anasikia kichefuchefu, tunamwambia: "Ni vidonda vya tumbo, kunywa chai ulale."

Huo ni uzembe wetu. Maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi zaidi duniani. Shambulio la moyo humuuma kifua mwanamke pia, lakini wengine huona zaidi maumivu ya taya, shingo, mgongo au mkono, jasho la baridi na kizunguzungu.

Na mzazi akivimba miguu na kushindwa kupumua akilala chali, tusiseme "ni uzazi tu". Moyo huweza kudhoofika mwishoni mwa mimba, au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua.

Tunasifu subira ya mama, lakini kumchelewesha si subira. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, wala tusikubali arudishwe na dawa za tumbo kabla hajapimwa moyo.