Busu la Mwezi wa Kuhesabu Watazamaji

Jumapili moja binti ya kaka yangu, ambaye yuko chuo kikuu, alikuwa kwangu akitazama filamu ya mfululizo kwenye simu. Mara akaitupa simu kochini. "Shangazi, hawa watu wametuchezea!"

Mfululizo wenyewe ni Supernatural wa Marekani. Tangu mwaka 2008, malaika aitwaye Castiel na rafiki yake Dean walikuwa wakitazamana kwa namna iliyowafanya vijana wengi waamini kwamba kuna mapenzi. Mnamo Novemba 5, 2020, zikiwa zimesalia sehemu mbili tu mfululizo wote uishe, Castiel alitamka kwamba anampenda Dean. Papo hapo akamezwa na giza. Dean hakupata hata nafasi ya kujibu.

Vijana wana jina la mchezo huu: chambo. Watunzi wanadokeza mapenzi ya jinsia moja ili wanaoyangojea wasibanduke kwenye runinga, lakini wanachodokeza hakitimizwi. Naam, mvuvi hamtilii samaki mnyoo kwa kumwonea huruma.

Mpenzi msomaji, usidhani haya yameanza juzi. Mnamo Februari 7, 1991, katika L.A. Law, mfululizo kuhusu mawakili wa Los Angeles, C.J. alimbusu mwenzake Abby. C.J. alikuwa mwanamke anayevutiwa na wanaume na wanawake pia. Watu walizungumza sana. Lakini penzi hilo halikufika popote. Mwaka huo huo mwigizaji wa Abby, Michele Greene, akaondoka. Baadaye Greene alisema wazi kwamba busu lile lilikuwa mbinu ya kuvuta watazamaji.

Kwa nini Februari? Enzi hizo kampuni ya Nielsen ilikuwa ikizitumia familia za Marekani vijitabu vya kuandika vipindi walivyotazama. Hesabu kubwa ilifanywa Februari, Mei, Julai na Novemba, na ndiyo iliyoamua vituo vitatoza bei gani kwa matangazo ya biashara. Kwa hivyo mizinga mikubwa ilifyatuliwa miezi hiyo: harusi, ajali, na busu la wanawake wawili. Novemba 1999 ilikuwa zamu ya Ally McBeal. Ally na Ling walibusiana, kisha wakakubaliana kwamba wao ni wa wanaume.

Na hapa ndipo mhusika anayevutiwa na jinsia zote mbili anapoonewa zaidi. Mtunzi anaweza kumtumia Februari na kumrudisha kwa mwanamume Machi, bila kueleza lolote. Mtazamaji naye anaondoka na funzo moja: kwamba watu wa aina hii hawajui wanachotaka, na kwamba hali yao ni homa, itapita.

Inawezekana kuandika vingine. Katika Grey's Anatomy, daktari Callie Torres alionekana kuanzia 2006 hadi 2016. Aliolewa na mwanamume, baadaye akafunga ndoa na mwanamke, na wakati wote alikuwa Callie yule yule, daktari wa mifupa.

Mnamo Desemba 2017, katika Brooklyn Nine-Nine, mpelelezi Rosa Diaz aliwaambia wenzake, kisha wazazi wake, kwamba anavutiwa na wanaume na wanawake. Mwigizaji wake, Stephanie Beatriz, ni hivyo hivyo maishani. Wazazi wa Rosa wanalichukulia kuwa jambo la kupita tu. Mwishowe baba anamfuata kazini na kumwambia anampenda na kumkubali jinsi alivyo. Mama bado anahitaji muda. Hakuna anayekufa, na Rosa anabaki kwenye mfululizo hadi ulipokwisha mwaka 2021.

Huenda mzazi unayesoma haya umekunja uso. Sikulazimishi ukubaliane nami. Lakini fikiria jambo moja. Unapokuwa sebuleni na watoto, mhusika kama huyo akatokea, nawe ukaguna, ukacheka au ukasema, "Hawa ni wagonjwa," unadhani unaizungumzia runinga. Mtoto aliyeketi kando yako hatazami runinga wakati huo. Anakutazama wewe, na anaweka akibani jibu utakalompa siku atakapokuwa na la kukuambia.

Sikumwuliza binti yetu kwa nini jambo lile lilimuuma hivyo. Nilimmiminia chai, nikamwomba anionyeshe sehemu ile ya Rosa na baba yake. Tuliitazama kimya. Ilipokwisha akauliza, "Shangazi, wewe ungekuwa yule mama ungehitaji muda gani?"

Nikamwambia, "Nimalize kikombe hiki tu."

Akacheka, akasogea karibu.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.