Wanaoikunjia Pua Riwaya ya Upelelezi

Mwalimu wangu wa Kiswahili alininyang'anya Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla darasani, akasema ni takataka ya kupotosha vijana. Wiki tatu baadaye alinirudishia. Mgongo wa kitabu ulikuwa umevunjika na kurasa zimelegea. Kilikuwa kimezunguka chumba kizima cha walimu.

Tangu siku hiyo siwaamini watu wanaotamka "fasihi pendwa" huku wamekunja pua. Hoja yao ya kwanza ni kwamba waandishi wetu waliiga. Ni kweli, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko chake na rafiki yake Najum, na anayemjua Sherlock Holmes hapotei njia. Lakini hebu wamtazame huyo mvuta kiko anafanya nini. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, maiti ya Bwana Ali inakutwa haina kichwa, tena penye mzimu unaoogopwa. Hofu hiyo peke yake ingetosha kuifunga kesi. Msa haridhiki. Anatafuta mkono wa binadamu: nani alikuwa wapi, nani ananufaika. Abdulla mwenyewe aliwahi kuwa mkaguzi wa afya, na mtu aliyezoea kutafuta chanzo cha maradhi mtaroni haambiwi ni pepo akanyamaza. Ndicho kitabu kisicho na dhamira hicho?

Na Elvis Musiba je? Ati Willy Gamba ni James Bond aliyebadilishwa jina. Bond alimtumikia Malkia. Gamba, katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974, anafukuzia nyaraka za siri za wapigania uhuru, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao Dar es Salaam. Anayeona hakuna tofauti hapo hakusoma, alisimuliwa. (Wanawake wa Musiba ni mapambo tu, hilo sitalitetea.)

Kitabu kikishaitwa takataka, hakuna anayekihifadhi. Nimepekua maktaba tatu nikikitafuta Simu ya Kifo. Mkutubi mmoja alinicheka waziwazi. Mwishowe nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Hakina jalada, na kurasa za mwisho zimeng'oka. Muuzaji aliona aibu, akanipunguzia bei.