NJIA ITANGULIE NDEGE

Mkulima wa Isansa, wilayani Mbozi, anayetaka kununua gari la kubebea mahindi na kahawa hadi Vwawa haanzi kwa kuuliza rangi ya bodi. Kwanza huitazama barabara: je, gari litapita masika? Kisha hukadiria magunia yake na magunia ya majirani atakayoyabeba kwa malipo, kwa maana gari linalojaa mara mbili tu kwa mwaka halilipi deni lake. Huulizia pia, Tunduma na Mbeya, kama vipuri vyapatikana na kama yupo fundi anayeijua injini yake. Akiisha kuridhika na hayo ndipo huzungumza bei. Hakufundishwa hesabu hiyo darasani. Amefundishwa na magari ya wenzake yaliyokaa juu ya mawe miaka nenda miaka rudi.

Hesabu hiyo hiyo, yenye sufuri nyingi zaidi, ndiyo inayolipasa shirika la ndege linapochagua ndege za masafa marefu. Watumishi wa Serikali na walimu, wa Isansa na wa kwingineko, wanayo haki ya kuielewa, kwa kuwa kodi inayokatwa katika mishahara yao kabla hawajaishika ni sehemu ya fedha zilizonunua ndege zenye nembo ya twiga. Wengi wao hawatapanda ndege hizo kwenda Bombay wala Guangzhou. Lakini wamezilipia.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilianza kupokea ndege aina ya Super VC10 mwaka 1966, hatimaye zikawa tano. Uteuzi ule ulikuwa na sababu yake. Kiwanja cha Nairobi kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege ya enzi hizo iliyosheheni abiria pamoja na mafuta ya kufikia Ulaya ilihitaji nguvu ya ziada ili ijinyanyue. VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Hata hivyo nguvu hiyo ilikuwa na gharama, kwani ndege hiyo ilikunywa mafuta kuliko mshindani wake Boeing 707, na bei ya mafuta duniani ilipopanda ghafla mwaka 1973 kasoro hiyo haikuweza tena kufichwa. Ndege moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Shirika liliposambaratika mwaka 1977, nne zilizosalia zilirejea Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kijeshi za kujaza mafuta angani. Mojawapo, iliyokuwa imesajiliwa Tanzania kwa namba 5H-MMT, iliruka kwa mara ya mwisho mwaka 2013. Chuma kilidumu miaka 36 baada ya shirika kufa. Kilichovunjika ni makubaliano ya wenye mali juu ya nani alipe nini.

Shirika la Ndege la Tanzania, lililozaliwa mwaka huo wa 1977, lilianza kwa unyenyekevu uliofaa: Boeing 737 mbili na ndege ndogo za ndani. Safari za mbali zilijaribiwa tena mwaka 1995 kwa njia ya ubia na Uganda na Afrika Kusini, ulioitwa Alliance Air. Ndege iliyotumika ilikuwa Boeing 747SP ya Afrika Kusini, aina iliyofupishwa umbo ili iende mbali zaidi, nayo ilitengenezwa mara 45 tu duniani kote. Hapo njia haikuitafuta ndege inayoifaa. Ndege iliyokuwapo ndiyo iliyotafutiwa njia. Mwaka 2000 ubia ule ulikwisha.

Tarehe 8 Julai 2018 ilitua Dar es Salaam Boeing 787-8 ya kwanza ya Tanzania, ikifuatwa na ya pili Oktoba 2019 na ya tatu Agosti 2024. Furaha ya wananchi siku ile ya kwanza ilikuwa ya haki, na si busara kuikejeli. Kama mashine, Dreamliner ni chaguo linaloweza kutetewa. Ina injini mbili badala ya nne, yaweza kwenda kiasi cha kilomita 13,500 bila kutua, na watengenezaji wake wanasema hutumia mafuta pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko ndege ilizokuja kuzirithi. Viti 262 vilivyomo katika ndege za Tanzania si vingi mno kwa njia ambayo wasafiri wake bado wanahesabika. Nchi isiyo na abiria wa kujaza ndege ya viti 400 haikukosea kuchukua iliyo ndogo zaidi katika ukoo huo.

Tatizo lilikuwa upande wa njia. Ndege hiyo, ambayo bei yake iliyotangazwa na Boeing mwaka 2018 ilikuwa dola milioni 239 kabla ya punguzo wanalopata wanunuzi, ilianza kazi kwa kwenda Kilimanjaro na Mwanza. Safari ya kwanza ya Bombay, umbali wa kama kilomita 4,600, ilifanyika tarehe 17 Julai 2019, yaani baada ya mwaka mzima na siku chache. Uchakavu wa ndege hauhesabiwi kwa saa peke yake. Kila inapopaa na kutua, injini huchemka na kupoa, na mwili wake hujazwa hewa na kupunguzwa. Mashine iliyoundwa kupaa mara moja na kukaa hewani saa kumi ikitumiwa kama daladala, huchakaa bila kulipwa. Ni sawa na mkulima wa Isansa kuliwasha lori la tani thelathini kwenda kuchukua debe moja la mahindi shambani.

Ndege ya masafa marefu hulipa gharama zake ikiwa angani saa 12 au zaidi kwa siku. Mkopo, bima, mishahara ya marubani na mafundi, vyote huendelea kudai hata ndege inapolala. Kwenda Guangzhou ni kilomita zipatazo 8,700, hivyo kwenda na kurudi kwachukua karibu siku nzima ya ndege moja. Shirika lenye ndege mbili likipeleka moja kwenye matengenezo makubwa, ratiba nzima hubaki juu ya ile moja, nayo ikipata hitilafu abiria hulala kiwanjani na mara ya pili hununua tiketi kwingine. Mashirika makubwa huwa na ndege ya akiba. Dogo halina, na ndiyo maana linapaswa kuwa makini zaidi katika kuchagua.

Na anayechagua ndege huchagua pia injini. Boeing 787 huuzwa na injini za aina mbili, ama za General Electric ama za Rolls-Royce. Za Tanzania ni Rolls-Royce Trent 1000, aina ambayo tangu mwaka 2016 imeyasumbua mashirika mengi duniani, kwa sababu sehemu zake za ndani zilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa na ndege nyingi zikalazimika kukaa chini zikisubiri zamu ya karakana. Katika foleni ya namna hiyo mteja mwenye ndege mbili hana sauti sawa na mwenye thelathini. Jirani wa karibu, Kenya Airways, anatumia injini za General Electric, hivyo hata kuazimana injini hakuwezekani. Swali hilo la nani jirani mwenye injini kama yetu lingeulizwa na fundi yeyote wa Tunduma kabla ya kununua Fuso.

Kenya yenyewe ina somo la kutoa. Shirika lake lilipanga upanuzi mkubwa mwaka 2012, likapokea Boeing 777-300ER na 787 kwa mfululizo, kisha utalii ukadorora na abiria wakapungua. Kufikia mwaka 2016 lilikuwa limezikodisha 777 hizo kwa Turkish Airlines na baadhi ya 787 kwa Oman Air, huku hasara ya mwaka mmoja ikipita shilingi za Kenya bilioni 25. Hazikuwa ndege mbovu. Zilikuwa nyingi, na zilifika kwa wakati mbaya.

Yapo pia masharti ambayo hayaandikwi katika mkataba wa kununua ndege. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia katika anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukapanua katazo hilo hadi kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini. Ndege yaweza kuwa mpya kabisa, lakini usimamizi, ukaguzi na kumbukumbu za matengenezo ndivyo vinavyofungua mlango wa Ulaya. Mafunzo ya wakaguzi hayapokelewi kwa ngoma kiwanjani, na pengine ndiyo sababu hukumbukwa mwishoni.

Matokeo yameonekana vitabuni. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka wa fedha 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24, ndege zilizolala kwa matatizo ya injini zikiwa miongoni mwa sababu. Wapo wanaojibu kwamba shirika la taifa halipimwi kwa faida peke yake, kwani huleta watalii na kubeba minofu ya samaki, maua na parachichi. Hoja hiyo ni ya kweli, na yafaa ithibitishwe kwa hesabu: tani ngapi, kwa njia ipi, badala ya kupitia Nairobi au Entebbe kwa kiasi gani.

Kwa hiyo kila pendekezo la ndege nyingine ya masafa marefu litakapofikishwa mezani, liambatane na karatasi inayotaja njia itakayorukwa na siku ya kuanza, saa itakazokaa angani kila siku, viti vinavyopaswa kujazwa ili gharama irudi, kibali cha anga kilichokwisha kupatikana, na mahali injini itakapotoka ile ya kwanza ikiharibika. Karatasi hiyo isomwe Bungeni kabla ya malipo ya awali kutumwa, na nakala yake iweze kufika Isansa, ambako mwalimu wa hesabu atawapa wanafunzi wake waipige upya.