Kicheko Nacho ni Hoja: Dhidi ya Uhakiki wa Kununa

Imezoeleka katika idara za Kiswahili kuaminiwa kwamba msomi aliyekosolewa ana njia mbili tu za heshima. Ya kwanza ni kunyamaza, kimya chake kikahesabiwa kuwa hekima. Ya pili ni kuandika jibu refu lililokunja uso, ambamo kila shutuma hukanushwa kwa zamu na mkosoaji akaonyeshwa, kwa maneno ya adabu yaliyojaa sumu, kwamba hana sifa za kuzungumza. Njia ya tatu, ile ya kujibu kwa mzaha wenye makali, huachiwa waimbaji wa taarabu, wachuuzi wa sokoni na watani. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo hauna asili katika fasihi ya Kiswahili yenyewe, na kwamba umeugharimu uhakiki wetu kitu ambacho haukuwa nacho cha ziada, yaani usomaji wa makini wa maandishi ya mpinzani.

Ni vyema kuanza na asili. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama wa Mombasa na Lamu uliofikia kilele chake katika vita vya Kuduhu, ambavyo pia hujulikana kama vita vya Shela, watunzi wa pande mbili walirushiana mashairi. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi hayo yamekusanywa na kuhaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichotoka 1995, na mwenye kuyasoma hawezi kukosa kuona jinsi dhihaka, vitisho na mafumbo yanavyokaa pamoja na hoja za kisiasa. Suala lililoshindaniwa lilikuwa zito kupita suala lolote linaloshindaniwa katika semina za vyuo: nani atawale mwambao, na kwa haki gani. Hata hivyo, hakuna upande ulioona kwamba uzito wa jambo uliwanyima ruhusa ya kucheka.

Jambo la msingi katika utaratibu huo wa kujibizana ni la kifundi. Anayejibu aghalabu huichukua bahari ya mwenzake, mara nyingi huvichukua hata vina vyake, na taswira iliyotumiwa kumchoma huigeuza ikamrudia aliyeituma. Ikiwa mpinzani amejiita simba, jibu halisemi kwamba simba ni mnyama mbaya. Linauliza simba huyo alikuwa wapi siku mbuzi walipoliwa. Sasa, mtu hawezi kufanya hivyo bila kulisoma shairi la kwanza hadi likamkaa kichwani, mizani yake, vituo vyake na mahali lilipolegea. Jibu la mzaha, katika mfumo huu, ni ushahidi wa kusoma. Jibu la hasira halina ushahidi huo, kwani mtu anaweza kukasirishwa na kitabu alichosimuliwa tu. Kukidhihaki ipasavyo hawezi mpaka akifungue.

Ni hapo ndipo uhakiki wa Kiswahili wa nusu ya pili ya karne ya 20 ulipojinyima. Chukua mfano wa mgogoro wa ushairi. Amri Abedi alikuwa ameziweka sheria za utunzi katika kitabu chake cha 1954. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, na 1976 M.M. Mulokozi na K.K. Kahigi wakatoa *Malenga wa Bara*. Swali lililozuka lilikuwa la maana: je, vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili au ni vazi lake tu? Swali la namna hiyo lilistahili kujibizana kwa hali ya juu kabisa. Badala yake, sehemu kubwa ya mjadala iligeuka kuwa kesi ya urithi, upande mmoja ukidai hati ya shamba na upande wa pili ukidai kwamba hati zote ni dhuluma. Wa kwanza waliitwa wahafidhina, wa pili wakaitwa waharibifu, na majina hayo yakatumika kana kwamba ni hoja.

Nafasi zilizopotea ni nyingi. Diwani inayojiita *Kichomi* inapolalamikiwa kwamba inachoma, malalamiko hayo ni sifa, na mtetezi mwenye ucheshi angeyapokea kwa shukrani na kuyachapisha katika jalada la nyuma. Aidha, istilahi ya kimapokeo ya shairi lenye kasoro za vina au mizani ni *guni*. Watunzi wa mashairi huru wangeweza kulitwaa neno hilo, wakajiita Chama cha Maguni, kisha wakauliza kwa upole ni nyimbo ngapi za kubembelezea watoto na za kutwangia, ambazo wapinzani wao walinyonya pamoja na maziwa ya mama, zingefaulu mtihani wa mizani. Swali hilo lingechekesha, na baada ya kicheko lingebaki limesimama, kwani linahusu iwapo nadharia ya ushairi wa Waswahili inaweza kuziacha nje nyimbo za Waswahili. Kwa upande wao, wanamapokeo nao wangeweza kuomba waonyeshwe tofauti kati ya shairi huru na taarifa ya hali ya hewa iliyokatwakatwa mistari. Hilo pia ni swali halali. Linamlazimu mtunzi wa shairi huru aeleze mstari wake unavunjwa kwa sababu gani, jambo ambalo makala mengi ya utetezi yamelipita kimya.

Watetezi wa uzito hutoa hoja kwamba mzaha huficha ukosefu wa hoja. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo sababu inahitaji kipimo badala ya marufuku. Kipimo chenyewe ni rahisi: kicheko kiondolewe, kisha itazamwe kilichobaki. Mfano ulio maarufu kuliko yote katika uhakiki wa Kiafrika unafaa kupimwa hivyo. Wole Soyinka, katika siku za mkutano wa waandishi uliofanyika Kampala 1962, aliibeza Negritudi kwa kusema kwamba simbamarara hana haja ya kutangaza usimbamarara wake. Ondoa kicheko, na dai linabaki zima: utambulisho wa kweli huonekana katika tendo, na anayeutangaza kila saa huenda bado anautafuta. Hilo ni dai la kinadharia ambalo msomi mwenye kununa angelihitajia kurasa 30 kulifikisha, na pengine asingelifikisha.

Lakini angalia pia kwamba dai hilo, kwa kuwa limekuja katika umbo la mfano wa mnyama, limemwachia mpinzani mlango wazi. Mtetezi wa Léopold Senghor anaweza kuuliza: je, simbamarara aliyezaliwa tunduni, akafundishwa shuleni kwamba yeye ni paka, tena paka wa Kifaransa, hana haki ya kunguruma kidogo ili ajikumbushe? Hapo mjadala umesogea. Mzaha wa kwanza ulisahau historia ya sera ya Ufaransa ya kuwafanya watawaliwa wawe Wafaransa. Mzaha wa pili unairudisha. Hakuna aliyetukanwa, na anayesikiliza ameelewa zaidi kuliko alivyoelewa mwanzoni. Huku ndiko kujibizana, na kumetendeka nje ya vina na mizani.

Soyinka huyo huyo, alipokabiliwa na Chinweizu na wenzake waliodai kwamba ushairi wake ni mgumu kwa makusudi na umeuiga Uzungu, alijibu mwaka 1975 katika jarida la *Transition* kwa makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliwashtaki kwa Utarzani mamboleo. Neno hilo moja lilibeba hoja yote: Afrika ambayo wakosoaji wake waliitaka katika mashairi, Afrika nyepesi ya mila isiyo na mitambo wala utata, ilifanana kwa kutisha na ile ya sinema za Tarzan. Mtu anaweza kukataa hoja hiyo, na waliokosolewa hawakukubali kushindwa. Hawezi, hata hivyo, kudai kwamba haikuwapo.

Afrika Mashariki nayo ilipata mchokozi wake. Mwaka 1965 Taban lo Liyong aliandika katika *East Africa Journal* akilalamikia ukame wa fasihi katika eneo hili. Kauli hiyo imewaudhi wataalamu wa Kiswahili tangu hapo, na kwa sababu nzuri, kwani iliandikwa kana kwamba *Utendi wa Tambuka* wa 1728 haukuwahi kutungwa. Lakini namna ya kuudhika ndiyo tatizo. Kwa miongo mingi kauli ya Taban imekuwa ikitajwa katika utangulizi wa tasnifu kwa sauti ya mfiwa: Kiswahili kimedharauliwa, Kiswahili kimesahauliwa. Jibu lililofaa lingetoshea katika sentensi moja: kwamba kuna mtu amekaa juu ya mfuniko wa kisima akilalamika kwamba nchi haina maji. Sentensi hiyo ingemwondolea mwandishi wa tasnifu mzigo wa kuomba huruma, ikamwachia Taban mzigo wa kuinuka na kutazama alichokikalia. Anayejitetea kwa kilio amekwisha kukubali kwamba hakimu ni yule mwingine.

Pana pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi: mzaha ni silaha ya mwenye nguvu. Mhadhiri anayemdhihaki mwanafunzi wa uzamili mbele ya jopo hajibu uhakiki, anafunga mdomo. Pingamizi hili ni sahihi, na linaonyesha mpaka ambao utamaduni wenyewe uliutambua zamani. Utani una watu wake. Mtani hutaniwa kwa sababu naye ana ruhusa ya kutania. Ruhusa isipokuwa ya pande mbili, huo si utani tena, ni uonevu uliovaa tabasamu. Kwa hiyo mzaha katika uhakiki unafaa kupanda au kwenda sambamba, wala usishuke. Na uyalenge maandishi, si kabila la mwandishi, lafudhi yake, wala chuo alichosomea.

Lakini pingamizi hilo hilo, likigeuzwa, linawaumbua wanaolitumia. Wenye nguvu, kwa kawaida, hawataki kuchekesha. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu kilichoiuliza nchi swali: *Kenya: Twendapi?* Dola iliulizwa swali ikajibu kwa kufuli, na mtunzi akakaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga humo, yaliyotolewa 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, yalipewa mwaka 1974 tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Historia ilifanya kejeli ambayo hakuna mhakiki aliyethubutu kuiandika. Funzo kwa idara ni kwamba kununa ndiyo lugha ya asili ya mamlaka. Jopo linalodai uzito kila wakati halilindi usomi, linajilinda.

Matokeo yake yanaonekana katika utetezi wa tasnifu. Mtahiniwa hukosolewa, naye hujibu kwamba anashukuru kwa maoni na atayazingatia. Hukosolewa tena kwa hoja inayopingana na ya kwanza, akashukuru na kuahidi kuizingatia hiyo pia. Zoezi linaloitwa utetezi humalizika bila chochote kutetewa, na mtu huyo hupewa shahada inayomruhusu kuwafundisha wengine kushukuru.

Inafaa kutaja, mwisho, ni nani aliyeihifadhi sanaa hii wakati wasomi walipoitupa. Wanawake wa mwambao wameiendeleza katika nyimbo za mashindano ya lelemama, katika taarabu na katika maandishi ya leso, na labda kwa sababu hiyo imehesabiwa kuwa umbea usiofaa jarida. Lakini wasomi nao wana leso yao. Imeandikwa "baadhi ya wahakiki wanadai", nayo huvaliwa katika kila utangulizi ili mlengwa ajijue mwenyewe bila kutajwa. Tofauti ni kwamba leso ya Mombasa ina rangi, ina pindo, na maneno yake hupimwa kabla ya kuchapwa. Aliyevaa leso, isitoshe, ana uhuru wa kutotaja jina, kwani anaishi mtaa mmoja na mlengwa na atakutana naye kisimani kesho. Mhakiki hana uhuru huo. Anapojibu kwa fumbo lisilotaja kitabu wala ukurasa, anakuwa amechukua woga wa fumbo na kuuacha uzuri wake.

Kwa hivyo, wahariri wa majarida ya Kiswahili wangefanya jema kutenga kurasa za majibu na kuweka masharti mawili tu. Kwanza, anayejibu aeleze dai la mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeitia sahihi. Pili, baada ya hapo, awe huru kulichekesha kadiri ya uwezo wake, naye ajue kwamba toleo lijalo litakuwa na jibu. Sharti la kwanza litawashinda wengi, kwa kuwa linadai kusoma. La pili litawaondoa waliobaki ikiwa ni wale ambao methali iliwajua zamani: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watakaosalia baada ya masharti yote mawili huenda wakawa wachache. Muyaka na Mngumi walikuwa wawili.